Kumbukumbu ya mradi: skripti ya kuhamishia picha za kamera kwenye Linux

Jumamosi. Nimeanza kuandika upya skripti yangu, yaani faili la amri ambazo kompyuta huzitekeleza kwa mfuatano, kwa kuwa ile ya zamani, ambayo ilikuwa mstari mmoja tu wa cp, amri ya kunakili faili, imenipotezea picha ambazo sitazipata tena. Kamera yangu huzipa picha majina kuanzia IMG_0001 hadi IMG_9999, kisha huanza upya, na cp isipozuiwa huandika faili jipya juu ya la zamani lenye jina lilelile bila kuuliza. Mama aliniomba picha aliyopigwa akimfunga dada mtandio asubuhi ya arusi. Nilipofungua IMG_0412 nilikuta mafungu ya nyanya sokoni. Imeniuma sana, na ndiyo sababu ya kazi hii.

Uamuzi wa kwanza ni kwamba jina la faili lisitegemee hesabu ya kamera peke yake. Kila picha ya kamera yangu hubeba ndani yake taarifa za Exif, ikiwamo tarehe na saa iliyopigwa, na programu ya exiftool huzisoma hivi:

saa=$(exiftool -s3 -d '%Y%m%d-%H%M%S' -DateTimeOriginal "$picha")

Saa nayo haikutosha, kwa sababu kamera huweza kupiga picha kadhaa ndani ya sekunde moja, kwa hiyo nimeiacha namba ya kamera ifuate nyuma yake: 20240316-174205_IMG_0412.JPG, ndani ya folda ya mwaka na mwezi wake. Alama za nukuu kwenye "$picha" zisisahaulike, maana pasipo hizo jina lenye nafasi katikati huchukuliwa kuwa majina mawili.

Jumanne usiku. Video za simu zimetokea nyuma kwa saa tatu. Kumbe video za MP4 kwa utaratibu wake huhifadhi saa ya UTC, yaani saa ya kimataifa, ilhali saa ya Afrika Mashariki imeitangulia kwa saa tatu, hivyo video iliyopigwa saa nane usiku iliingia kwenye tarehe ya jana yake. Nimeiongezea exiftool chaguo la -api QuickTimeUTC, linaloigeuza saa hiyo kuwa ya hapa, na kusoma CreateDate, yaani tarehe ya kuundwa kwa video, zikakaa mahali pake.

Jumapili. Siku nzima imeishia kwenye uhakiki, na kwa maoni yangu hapa ndipo penye uzito wa skripti nzima. Awali nilikuwa nikilinganisha nakala na picha halisi kwa cmp, amri ya kulinganisha faili mbili, mara tu baada ya kunakili, nikaridhika. Baadaye nikatambua kwamba faili lililoandikwa sasa hivi bado limo kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na Linux hulisoma kutoka humo bila kuigusa diski, kwa hiyo ulinganisho ule haukuthibitisha chochote kuhusu kilichoandikwa kwenye diski yenyewe. Sasa skripti huanza kwa kuandika hesabu ya sha256sum ya kila picha, namba ndefu inayobadilika faili likibadilika hata kidogo, ikiwa bado kwenye kadi ya kamera, hunakili kwa cp -n ili isifunike kitu, huita sync ili yote yaandikwe kwenye diski, hutenganisha diski ya nje kwa umount na kuiunganisha tena, ndipo husoma nakala zote upya:

sha256sum -c --quiet orodha.txt

Amri hii hunyamaza kila kitu kikiwa sawa, na hutaja faili kwa jina likiwa na kasoro. Leo nimepitisha kadi yenye picha 612, ikanyamaza. Jambo la kufuta nimeliondoa kabisa kwenye skripti: kadi nitaisafisha mwenyewe, ndani ya kamera, baada ya kuuona ukimya huo na baada ya nakala ya pili kufika kwenye diski iliyoko nyumbani kwa mama.

Zimebaki picha nilizotumiwa kwa programu za ujumbe, ambazo nyingi hufika bila Exif. Kwa sasa zinaingia kwenye folda ya bila-tarehe, na wiki ijayo nitaketi na dada tuzipitie moja moja, kwani miongoni mwake huenda zimo za asubuhi ile zilizopigwa na wageni.