Sanduku langu la maoni lilivyohamia bafuni

Nilipopewa uwaziri wa jinsia katika serikali ya wanafunzi, hapa chuoni kwetu Moshi, waliocheka zaidi ni washikaji zangu wa vimbwetani, zile meza na viti vya zege vya kujisomea nje. Mwanaume, waziri wa jinsia! Nami nilicheka nao. Hakuna aliyeitaka ile wizara, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeomba michezo.

Malalamiko yalianza wiki ile ile. Wasichana wakitoka kujisomea usiku, kwenye njia ya hosteli wanapigiwa miluzi, maumbile yao yanapewa maksi kwa sauti, mwingine anavutwa mkoba. Nikaenda kwa mkubwa mmoja kuomba ushauri. "Waambie wenzako wa kike wajistiri." Ilikuwa Julai, jamani. Julai ya Moshi, mlima umejifunika wiki nzima, mtu kavaa sweta, kitenge na soksi, na bado anapigiwa mluzi. Ajistiri na nini tena, blanketi?

Nikaandaa semina. Walikuja 11, tisa wakaondoka na soda zao kabla sijamaliza salamu. Wapiga miluzi hawakuja kabisa.

Ndipo likaja wazo la sanduku la maoni. Seremala wa Majengo alinitengenezea kwa elfu ishirini, au ishirini na tano, nimesahau. Kufuli nikanunua Mbuyuni. Nikalitundika nje ya ofisi yetu, mkabala na kibanda cha mlinzi ili lisiibwe. Nilijisifu sana. Wiki tatu baadaye nikalifungua mbele ya mawaziri wote: makaratasi mawili ya pipi, lalamiko kwamba maharage ya kafeteria yana wadudu, na barua ya mapenzi aliyoandikiwa waziri wa fedha. Nikaisoma kwa sauti. Waziri wa jinsia mzima, nasoma siri ya mtu hadharani, halafu nashangaa kwa nini watu hawaniamini.

Aliyenifungua macho ni matroni, mama mlezi wa hosteli ya wasichana. "Baba, wewe ungeweza kumshtaki mtu huku Meku wa getini anakutazama, na huyo unayemshtaki anapita hapo hapo?" Akalichukua sanduku, akalitundika kwenye bafu la wasichana, ufunguo akabaki nao yeye. Maelekezo yakawa mafupi: andika wapi, siku gani, saa ngapi, jina lako ni hiari.

Siku kumi, karatasi 17. Tulizipanga mezani kwake kama karata. Karatasi 12 zilitaja mahali pamoja: kona ya stesheneri, saa moja hadi saa tatu usiku, kwenye vile vimbweta vitatu. Vimbweta vyetu! Mimi nilikuwa nakaa pale. Mluzi sijawahi kupiga, ila kucheka nimecheka sana, na karatasi moja iliandikwa hivi: wanaocheka ndio wanaouma.

Taa ya pale ilikuwa imeungua. Balbu nilinunua mwenyewe, maana kusubiri idara ya ukarabati ningehitimu gizani.

Sasa vimbweta. Ni zege, huhamishi. Lakini havina mwenyewe; anayewahi ndiye anayekaa. Nikazungumza na CR, yaani kiongozi wa darasa, wa uhasibu, dada mmoja asiyetabasamu ovyo. Jumatatu saa kumi na nusu jioni akashusha diskasheni yake pale, wasichana 14 na mizania zao. Washikaji walifika saa moja wakakuta pamejaa. Wakasimama pembeni kidogo, wameshika madaftari ambayo hawakuwa wameyafungua tangu muhula uanze, kisha ikabidi wapite katikati yao kuondoka. Hakuna aliyewapigia mluzi. Wasichana walinyamaza tu, kalamu juu, wakawatazama mmoja mmoja mpaka wa mwisho akajikwaa. Nilikuwa dirishani. Wiki sita hawakupata pa kukaa.

Mmoja alinifuata: "Mheshimiwa, umetuuza." Nikamtajia kifungu cha 138D cha Kanuni ya Adhabu, kilichoingizwa mwaka 1998: hata maneno matupu ya kumsumbua mtu kijinsia ni kosa. "Hiyo ya zamani," akasema. Ndiyo, imekuzidi umri na bado huijui.

Karatasi mbili hazikuhusu kona. Zilitaja ofisi ya mhadhiri, saa kumi na moja jioni, na maksi za kozi weki. Hapo ujanja wangu uliishia. Mtu mmoja mwenye mvi akatushauri tuyamalize kimya kimya, chuo kisije kikachafuka. Matroni akamjibu kwamba uchafu tayari upo, tunachojadili ni ufagio. Mmoja wa walioandika alimfuata matroni mwenyewe, akaelezwa njia zilizopo: dawati la jinsia la polisi, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, kwa namba 113, bure, kwa sababu kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kinamshika mwenye mamlaka anayedai ngono. Asifute meseji hata moja. Alichoamua si changu kusimulia. Darasa lao sasa huenda ofisini watatu watatu, na mlango unabaki wazi.

Mwezi uliopita nimemkabidhi wizara yule dada wa uhasibu. Aliuliza sanduku liko sehemu gani hasa. Nikamwambia sijui, bafu lile sijawahi kuingia. Hela ya kufuli na balbu naidai mpaka leo. Waziri wa fedha hajanisamehe ile barua.