Milimita mbili tu, grafu yote ikaharibika

Jumamosi tulikua Uyole, Mbeya, asubuhi na mdogo wangu, yule anaekimbia mita 800, baridi la mwezi wa saba mpaka vidole vinagoma, simu nimeiweka kwenye stendi namrekodi ubavuni fremu 120 kwa sekunde ili nipime mguu wake unavyoenda akikimbia. Juu ya taiti nyeusi nilimbandika plasta nyeupe tatu, nyonga, goti na kifundo cha mguu, afu rula ya mita moja nikailaza palepale anapopita, maana ukiiweka karibu na kamera kuliko mkimbiaji vipimo vyote vinakua uongo.

Pembe ya goti haikunisumbua. Alama tatu zinakupa mistari miwili, paja na muundi, pembe kati yake ndo goti lenyewe.

Shida ikaja kwenye mchapuko, yaani kasi inavyobadilika. Ili uupate unagawa kwa muda wa fremu moja, afu unagawa tena kwa muda huohuo, na muda wenyewe ni 1/120 ya sekunde, kwahiyo ni sawa na kuzidisha kwa 14,400! Yaani nikibofya alama kwenye video pembeni kidogo, milimita 2 tu, kosa linafika mita 28.8 kwa sekunde mraba, karibu mara tatu ya mvutano wa dunia, na kwa vile hesabu inachukua fremu tatu zinazofuatana, kosa likiwa kwenye ile ya katikati linakua mara mbili ya hapo. Grafu ilikua meno ya msumeno matupu.

Lainisha data KABLA ya kutafuta kasi jamani. Wengi wanatumia filta ya Butterworth, hesabu ya kuchuja mitikisiko ya harakaharaka kwenye data, unaipitisha kutoka mwanzo hadi mwisho afu unairudisha kinyumenyume, kwasababu ukipitisha upande mmoja grafu inachelewa na utaambiwa mguu umegusa chini wakati uligusa kitambo. Kwa kutembea kikomo cha hezi 6, yaani mitikisiko 6 kwa sekunde, huwa kinatosha, kukimbia unapandisha, ila ukilainisha kupita kiasi ule mshtuko wa mguu kupiga chini unafutika, na mimi ndo nilikua nautafuta huo.

Sasa kinachoninyima usingizi ni plasta ya nyonga. Nilimwambia asimame, nikashika mfupa kwa kidole, akainua paja taratibu, plasta ikahama karibu sentimita 2 mfupa umebaki pale pale. Filta hapo haisaidii, huo mtelezo unaenda sambamba na hatua zake kabisa. Na mimi nilikua nahangaika na milimita 2 za kubofya.