Kuonja divai Naivasha: jani la leleshwa na mambo mengine yanayoharibu pua

Ushauri mbaya kuliko wote niliowahi kupewa kuhusu kuonja divai ni huu: "Endeni jioni, mle nyama choma kwanza, divai itashuka vizuri." Kushuka itashuka, lakini hutaionja. Pilipili na moshi wa makaa hung'ang'ania ulimi, na chumvi ya nyama hulainisha uchachu, kwa hiyo divai iliyopooza na divai iliyochangamka zinakuwa kitu kimoja mdomoni. Mimi huonja saa nne asubuhi. Saa mbili kabla ya hapo nakula viazi vitamu vya kuchemsha na chai isiyo na tangawizi. Mswaki napiga nikiamka tu, kwa sababu dawa ya meno huifanya divai iwe chungu. Manukato sipaki kabisa, na losheni ya mikono naiacha nyumbani.

Kutoka Nakuru mjini hadi Naivasha ni kilomita 70 hivi. Panda matatu hata kama una gari: nauli sikukuu wanapandisha, lakini mtu anayeonja hafai kushika usukani. Pigia simu shamba la mizabibu kabla ya kwenda, na uulize kama siku hiyo kuna mtu wa kuwatembeza shambani.

Sasa jani. Divai ya Leleshwa hutokana na zabibu za shamba la Morendat, Naivasha, na jina lake ni la kile kichaka cha majani ya kijivu kilichojaa Gilgil, Naivasha na pembezoni mwa Nakuru. Jani lake ukilisugua linanuka kafuri. Niliona ni jambo zuri kulichuma moja njiani, nilifikiche, niizoeshe pua yangu harufu ya mahali. Nilichuma, nikafikicha kwa kidole gumba na cha shahada, halafu vidole hivyohivyo vikashika glasi. Divai ya kwanza ilinuka kafuri. Ya pili kafuri. Nyekundu nayo ilinuka dawa ya kuchua, na nilikuwa karibu kumwambia mwenyeji kwamba pipa lake limeharibika. Ilikuwa ni mafuta ya jani, yaliyobaki kwenye ngozi sentimita chache tu kutoka puani, na maji matupu hayayatoi. Kilichosaidia ni kusugua vidole kwa unga mkavu wa mahindi, kuvipangusa kwa kitambaa, kisha kushika glasi kwa mkono wa kushoto, chini kabisa kwenye kikanyagio chake. Leleshwa inuse, lakini baada ya kuonja.

Kabla hujamiminiwa, nusa glasi tupu. Hapo ndipo makosa mengi hupatikana: sabuni ya vyombo, taulo lenye unyevu, kabati la mbao. Ikinuka, usiombe maji. Omba divai kidogo, kijiko kimoja kinatosha, uizungushe ndani ya glasi na kuimwaga. Tena uliza chupa ilifunguliwa lini. Chupa ya jana kutwa huanza kunuka tofaa lililopondeka, na ikinuka gunia bichi au kadibodi iliyolowa, ni kizibo kilichoharibu. Omba nyingine bila haya.

Wengi humiminiwa mililita 50 kwa kila aina. Aina sita ni mililita 300, yaani theluthi moja ya chupa na zaidi. Ukimeza zote, kufikia ya nne ulimi umelala. Temea. Ndoo ipo kwa kazi hiyo na hakuna atakayekuona mshamba. Nyeupe zitangulie, kisha rozé (ile ya rangi ya waridi), nyekundu zifuate, tamu iwe ya mwisho.

Pua inafundishwa nyumbani, siku mbili tatu kabla. Chukua divai nyeupe ya bei nafuu, ugawe kwenye glasi nne. Ya kwanza tia kipande cha pilipili hoho ya kijani, ya pili ganda la pera, ya tatu nyasi mbichi zilizokatwa, ya nne iache tupu. Funika kwa visosa dakika 20, toa vitu, kisha mtu akupangie upya nawe umefumba macho, unuse na kubahatisha ipi ni ipi. Hoho, pera na nyasi ndizo harufu utakazokutana nazo kwenye Sauvignon Blanc, aina ya zabibu za divai nyeupe. Kwa Shiraz, aina ya zabibu za divai nyekundu, twanga punje tatu za pilipili manga, utie kwenye nyekundu. Zoezi hili limenipa faida kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu nikifika huwa nina maneno ya kumwambia mwenyeji, naye hunijibu.

Na swali linalomfungua mwenyeji ni hili: "Kaka, hii mizabibu mlipogoa mwezi gani?" Huku karibu na ikweta hakuna majira ya baridi ya kuulaza mzabibu kama Ufaransa. Mkulima ndiye anayeuamsha kwa mkasi, na tarehe ya mkasi ndiyo inayoamua kama zabibu zitaiva mvua ikinyesha, zikaoza, au zitaiva kwenye jua. Ziwa lenyewe liko mita 1,884 hivi juu ya bahari. Usiku wa baridi ndio unaotunza uchachu. Ukiuliza hivyo unapelekwa mpaka kwenye mistari, unaoneshwa jicho linalochipuka, na ukibahatika unaonjeshwa divai moja kwa moja kutoka kwenye tangi, ikiwa bado ina ukungu. Kwangu hicho ndicho chumba cha kuonja, hata kama hakina viti.

Wanaobeba chupa hadi Kisumu wasiziweke kwenye buti. Joto la mchana husukuma kizibo na divai ikapikika. Zifunge kwa taulo lililolowa, uziweke miguuni. Na nyekundu msiinywe kwa "joto la chumba" la Kisumu: itie kwenye ndoo ya maji, barafu na konzi ya chumvi dakika 10, ishuke hadi nyuzi 17 hivi. Nyeupe iache dakika 20, ndipo mlete samaki.