Msitu Hauulizi Karatasi

Jirani yetu wa ghorofa ya chini ni bibi wa makamo ya mama yangu. Majira yote ya baridi salamu yake ilikuwa kuinamisha kichwa tukipishana kwenye ngazi, nami nikamweka kwenye hesabu ya wale wasiotutaka. Jumamosi akagonga mlango. Ana ndoo mbili na kichana cha kuchumia. Bluberi zimeiva, akasema, chukua watoto twende.

Mimi mtoto wa Muheza, Tanga. Swali la kwanza lililonitoka ni shamba la nani. Akasema ni la mtu fulani, jina halijui. Mlioko nyumbani mnafahamu kinachompata anayekutwa na ndoo kwenye michungwa ya watu. Huku Uswidi kila mtu ana haki ya kutembea porini, kuchuma matunda mwitu na uyoga, hata kupiga hema usiku mmoja, ardhi iwe ya nani. Tangu 1994 haki hiyo imetajwa ndani ya katiba yao. Usisogelee nyumba ya mtu, usikanyage mazao, usiharibu, basi. Na ni kila mtu, si raia peke yake. Mimi ambaye kila dirisha la ofisi linadai kibali cha ukaazi, niliinama msituni saa nne nzima na hakuna aliyeniuliza mimi nani. Machozi yalinitoka, na sioni haya kuyasema.

Kijiti chenyewe cha bluberi hakifiki magoti. Ukiinua majani ndipo unayaona matunda yamejificha chini, ya buluu yenye vumbi jeupe. Ukigusa, vumbi linafutika na weusi unatokea. Chini ni kuvumwani laini, mguu unazama bila kishindo. Mwanangu wa mwisho hakutia hata moja kwenye ndoo. Ulimi wote zambarau.

Tuko Umeå, kaskazini. Mji huu uliungua 1888, wakapanda miti ya magome meupe kando ya barabara ili moto usiruke tena nyumba hadi nyumba. Leo miti ile ndiyo sifa ya mji, na majani yake ya Juni yana kijani ambacho Disemba huwezi kuamini kipo duniani. Niliandika ubeti huu kule kule msituni, nikiwa nimekaa kwenye jiwe:

Usiku umetoweka, jua lingali angani,
Theluji imeyeyuka, mito yacheka bondeni,
Mbayuwayu amefika, ajenga huku bandani,
Vidole vimechafuka, utamu umo kinywani.

Mbayuwayu huyo ni yule yule mnayemwona kwenye nyaya za umeme Disemba. Huku ndiko anakotaga.

Kulala ndiyo kazi. Juni usiku hauingii giza, na watoto wanauliza kwa nini walale na jua wanaliona. Nikawatungia hadithi. Paukwa! Pakawa! Hapo kale Jua alikuwa na wake wawili, Tanga na Kaskazini. Tanga alipewa zamu yake kila siku, saa kumi na mbili, hazipungui wala hazizidi. Kaskazini akasema yeye hataki kidogo kidogo, anataka chake kwa mkupuo, kama mchezo wa upatu. Kadhi akakubali, ila akamwonya: ukishapokea, utakaa gizani miezi mingi ukingoja zamu irudi. Kaskazini akasema nitakaa. Ndiyo maana Juni anampikia, anamwimbia, anamzuia mlangoni asiondoke. Mkubwa wangu akauliza kama Tanga hakuona wivu. Nikamwambia Tanga hajawahi kukosa jua, wivu ataupata wapi.

Sasa nyie mnaoniandikia kuhusu "kazi ya kuchuma matunda Ulaya". Msitoe hela kwa wakala yeyote. Kuchuma kwa ndoo yako ni haki. Kuchuma kwa ajira kunataka kibali cha kazi. Wapo wachumaji wengi ambao wamekuwa wakiletwa kwa msimu kutoka Thailand, na baadhi wamerudi kwao na madeni makubwa kuliko waliyokuja nayo, maana ukilipwa kwa kilo na matunda yakawa haba, nauli na chakula bado unadaiwa. Msiuze kiwanja kwa ajili ya bluberi.

Mkija kututembelea, njooni Julai mwishoni. Leteni mabuti ya mpira na nguo za mikono mirefu, mbu wa huku hawana malaria ila ni wengi mno. Ndoo tunazo, na bibi ameshasema mwezi wa tisa anatupeleka kwenye uyoga.