Kura 328 za rais, na mimi na chai yangu Eastleigh

Hii stori nilikuwa niiandike zamani nikawa naahirisha, ni ya Jumapili ile ya tarehe 15 Mei 2022, siku Somalia ilipochagua rais. Nilikuwa Eastleigh, mtaa wa Wasomali hapa Nairobi, nyuma ya Jam Street kwa mzee mmoja muuza vitambaa, sote pale dukani tunamwita adeer, yaani mjomba kwa Kisomali. Niliingia nichukue mzigo nitoke, nikakuta duka limejaa wanaume hawaongei, wote macho kwa TV. Kwenye TV kuna hema kubwa la ndege ndani ya eneo la uwanja wa ndege Mogadishu, kuna sanduku la kura, na mtu anasoma karatasi moja moja kwa sauti. Jina, jina, jina. Nikauliza hii ni nini, adeer akanisogezea stuli na chai ya iliki, akasema kaa kijana, leo tunachagua rais.

Tunachagua nani sasa, nikamwambia, wewe uko hapa na vitambaa vyako! Akacheka. Akasema ndiyo maana nimekaa.

Waliopiga kura walikuwa wabunge peke yao. Bunge la chini lilikuwa na viti 275 na la juu 54, jumla 329, na siku ile walipiga 328. Ukiishia hapo utasema aah, rahisi, wabunge wanachagua rais, nchi nyingi zinafanya hivyo. Lakini mbunge mwenyewe katoka wapi? Hapo ndipo adeer alipoacha kuangalia TV akaanza kunieleza kwa vidole. Wa bunge la juu walichaguliwa na mabunge ya majimbo. Wale 275 viti vyao viligawanywa kwa koo, wanaita nne na nusu, yaani koo nne kubwa (Darod, Hawiye, Dir na Digil-Mirifle) kila moja viti 61, halafu jamii zingine zote ndogo zikiwekwa pamoja ndiyo hiyo nusu, viti 31. Huu mgao ulianzia kwa mkutano wa Arta, Djibouti, mwaka 2000, wakasema ni wa muda tu. Ukitaka kujua wa muda maana yake nini waulize hao wa nusu.

Sasa kila kiti kilikuwa na wajumbe wake 101 wa ukoo husika, na hao ndio waliompigia mbunge kura. Uchaguzi wa kabla ya huo walikuwa 51. Na wajumbe waliteuliwa na nani? Wazee wa koo, pamoja na mkono wa wakubwa wa majimbo ambao kila mtu anaujua, na habari za hela zilikuwa zinasemwa waziwazi bila hata kunong'ona. Watanzania wana ule msemo wao wajumbe si watu wazuri, nikamtafsiria adeer, akaupenda sana, akawarudishia wenzake kwa Kisomali duka zima likaangua kicheko. Kwa hiyo ukitaka urais usianzie kwa wabunge, utakuwa umechelewa, anzia kwa anayeandika yale majina 101.

Haya, turudi kwa hema. Sheria ya siku ile ilisema duru ya kwanza ushinde kwa theluthi mbili, ukikosa wanabaki wanne wa juu, wakikosa tena wanabaki wawili na hapo wingi wa kawaida unatosha. Wagombea walikuwa zaidi ya thelathini, mwanamke mmoja tu, Fawzia Yusuf Adam. Duru ya kwanza aliongoza Deni, rais wa jimbo la Puntland, kwa 65, Farmaajo aliyekuwa rais wa nchi akapata 59, Hassan Sheikh aliyewahi kuwa rais 52, Khaire aliyewahi kuwa waziri mkuu 47. Ona hizo namba vizuri, rais aliye madarakani ana kura 59! Duru ya pili Hassan Sheikh akaruka hadi 110, Farmaajo 83, Deni 68, Khaire 63.

Adeer akachukua risiti akaanza kupiga hesabu nyuma yake, maana Deni na Khaire walikuwa wanaegemea kwa Hassan, 110 na 68 na 63 ni 241. Mwisho ikatoka 214 kwa 110. Wale 27 waliobaki walienda kwa Farmaajo kimyakimya na hakuna wa kuwauliza, kura ni ya siri. Ile risiti ninayo hadi leo.

Kilichonishika mimi ni kitu kingine. Huu mfumo sisi tunaucheka, mimi pia niliucheka, watu mia tatu ndani ya hema wakiamulia nchi nzima, lakini marais wanaokaa wanatoka! Sharif alikuwa rais 2012 akashindwa na Hassan Sheikh, Hassan Sheikh alikuwa rais 2017 akashindwa na Farmaajo, na 2022 Farmaajo akashindwa na huyohuyo Hassan. Nadhani siri iko kwa zile duru, wagombea wengi wanaingia kila mtu na lake, wakishaanguka kitu kimoja kinachowaunganisha ni kutomtaka aliyekalia kiti. Sisi Kenya tunapanga foleni kwa mamilioni tangu alfajiri na hakuna hata rais mmoja aliye madarakani aliyewahi kuangushwa kwa debe. Sisemi wao ni bora, mwananchi wa kawaida kule hakuwa na karatasi ya kura mkononi siku ile na hilo si dogo, kura ya mwisho ya vyama vingi ya wananchi nchi nzima ilikuwa ya wabunge Machi 1969 halafu Oktoba jeshi likapindua. Ila nilikaa kwa ile stuli nikafikiria sana.

Usiku ukawa mwingi, hesabu ya Hassan Sheikh ikapita 165, yaani zaidi ya nusu, kwa simu ya kijana mmoja tukasikia risasi za shangwe huko Mogadishu. Adeer akaanza kukunja vitambaa.

"Na nyinyi Agosti mnamtoa nani?" akaniuliza.

Nikamwambia hatumtoi mtu adeer, huyu wetu, Uhuru, muda umeisha.

"Aaa," akasema, akashusha mlango wa duka.