Finjani za Daley Plaza

Jumanne ya tarehe 11 Julai 2017 nilitoka kazini miguu ikiniwaka. Wakati ule nilikuwa nasafisha vyumba katika hoteli moja katikati ya Chicago, na njia yangu ya kwenda kupanda treni ilipita Daley Plaza, pale iliposimama ile sanamu kubwa ya chuma ya Picasso. Siku zote nilipita bila kugeuza shingo. Siku hiyo harufu ya kahawa ndiyo iliyonisimamisha.

Chini, juu ya mawe ya uwanja, kulikuwa na finjani ndogo za kaure zisizo na mshikio, maelfu kwa maelfu, zimejaa kahawa nyeusi, na hakuna aliyekunywa. Mtu alimimina, akainama, akaweka, akaenda zake. Nikadhani ni matanga. Sikukosea sana.

Mama mmoja wa makamo, mtandio mweupe kichwani, alininyoshea moja tupu. "Sisi tunaiita fildžan," alisema. Nikamwambia kwetu ni finjani. Alilirudia neno langu mara mbili, akatabasamu. Kiingereza chetu sote wawili kilikuwa cha kuungaunga, basi neno hilo moja lilitubeba kuliko mengine yote.

Aliniambia msiba ule ni wa watu wa Srebrenica, Bosnia. Mji ule Umoja wa Mataifa ulikuwa umeutangaza eneo salama. Julai 1995 ukatekwa na majeshi ya Waserbia wa Bosnia, wanaume na wavulana wakatengwa na wanawake, wakauawa. Hesabu yao ni 8,372. Msanii Aida Šehović, naye alikuja Marekani akiwa mkimbizi, aliianza kazi hii Sarajevo mwaka 2006 kwa finjani 923. Alikuwa amesikia wajane wakisema kwamba wanachokikosa zaidi ni kunywa kahawa na waume zao. Tangu hapo hadi mwaka 2020, kila tarehe 11 Julai finjani zilitandazwa katika mji mwingine, na familia za Wabosnia zilizidi kutoa za nyumbani kwao. Jina la kazi yenyewe ni ŠTO TE NEMA. Mama yule akanifafanulia: mbona hupo.

Mbona hupo. Ilinibidi niketi.

Baba yangu aliuawa Makobola, kusini mwa Uvira, mashariki mwa Kongo, katika mauaji yaliyoanza tarehe 30 Desemba 1998 na kuuvuka mwaka mpya. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010 inataja raia zaidi ya 800. Nilikuwa na miaka 11. Hatukumzika. Tulivuka Ziwa Tanganyika usiku kwa mtumbwi hadi Kigoma, kisha kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na huko ndiko nilikoliona jambo ambalo sijawahi kumsimulia mtu. Asubuhi mama alipanga vikombe vya plastiki juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamimina chai ya mchaichai. Tulikuwa sita. Siku nyingine alimimina saba. Alikitazama kile cha saba, akakirudisha kwenye sufuria polepole, asimwage hata tone, kisha akatuambia tuwahi shule. Hakuna aliyeuliza. Mwishowe dada yangu mkubwa akawa anaviosha yeye na kumkabidhi sita tu, na mama akaacha.

Minara ya mawe yenye majina naipita kwa heshima zake. Lakini chai iliyomiminwa ikakosa mnywaji naijua tangu utotoni, na sikutegemea kuiona imetandazwa mchana kweupe, watu wakiizunguka kwa uangalifu wasiikanyage.

Mama wa Bosnia aliniuliza kama nina mtu. Nikasema baba. Hakuuliza vita gani. Alininyoshea birika la shaba lenye mkono mrefu, nami nikasita. Uwanja ule ulikuwa wa watu wa Srebrenica, una hesabu yake, sikutaka baba yangu adandie msiba wa wenyewe. Nikamwambia hivyo, kwa maneno niliyoweza. Akasema, "Weka ya mmoja wetu. Wako tutamkumbuka ukiwa unaweka."

Niliiweka kando ya finjani yenye mstari wa dhahabu uliofutika ukingoni, mahali midomo ya mtu ilipozoea. Povu la kahawia lilielea juu kidogo, likapasuka moja moja, kahawa ikabaki nyeusi tupu.

Jioni kahawa yote ilimwagwa. Nilibaki kuwasaidia kusuuza na kukausha hadi ngozi ya vidole ikajikunja.

Nyumbani mama alinishika mikono, akainusa. "Umekunywa kahawa saa hizi?"

"Hapana, mama. Nimeimwaga."

Nikamsimulia yote. Alisikiliza akiwa ameniachia mkono mmoja tu.

"Baba yako hakuwa mtu wa kahawa," alisema. "Chai. Sukari vijiko vitatu, na ukimpimia viwili anajua."