Siku moja maishani mwangu: Ijumaa ya Kwaresima na mifuko ya damu

Saa kumi na moja alfajiri. Naamka kabla ya watoto, nachemsha chai na kupiga pasi sare yangu. Mimi ni muuguzi katika kituo cha damu salama cha Kanda ya Ziwa hapa Mwanza. Kazi yangu haiko wodini. Tunapakia vitanda vya kukunja, mizani, mifuko ya kukusanyia damu na maboksi ya baridi, kisha tunakwenda shuleni, sokoni, makambini na makanisani, popote penye watu wazima wenye afya walio tayari kunyoosha mkono. Leo ni Ijumaa baada ya Jumatano ya Majivu, na tumealikwa na parokia moja ya wilayani Ilemela.

Saa kumi na mbili na nusu. Nawahi misa ya asubuhi katika parokia yangu. Somo la kwanza la siku hii ni Isaya sura ya 58, pale Mungu anapowauliza watu wake kama kufunga ni kuinamisha kichwa kama unyasi, kisha anawaeleza saumu aliyoichagua yeye: kuwagawia wenye njaa chakula, kumvika aliye uchi, na “usijifiche na mtu mwenye damu moja nawe”. Nabii alikuwa akisema juu ya jamaa na ndugu, wala sidai kwamba aliwaza kazi yangu. Lakini muuguzi wa damu akiyasikia maneno hayo asubuhi, akijua mchana atakuwa na sindano mkononi, hawezi kuyaacha mlangoni mwa kanisa.

Saa mbili. Tunapakia gari. Wengi hudhani kwamba damu ikishakusanywa hukaa akiba mpaka ihitajike. Chembe nyekundu, zikihifadhiwa vizuri katika nyuzi 2 hadi 6 za selsiasi, hudumu siku 35 katika mifuko tunayotumia. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, hudumu siku tano tu. Wakati huohuo wahitaji hawana msimu: mama anayevuja damu baada ya kujifungua, mtoto wa chini ya miaka mitano aliyeishiwa damu kwa malaria, majeruhi wa bodaboda, na watoto wenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu, ambao katika kanda yetu ni wengi. Kwa sababu hiyo, parokia inayojitolea kwa kishindo mara moja na kunyamaza mwaka mzima hutusaidia kidogo kuliko ile inayotukaribisha kila baada ya miezi michache bila shangwe yoyote.

Saa tatu na nusu. Tunapokewa ukumbini na akina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, nasi tunajibu “Mwangaluka”, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, kwa wazee waliokwisha kuketi kwenye mabenchi. Hapo ndipo tunakutana na tatizo ambalo mwenyeji wetu hakulifikiria: nusu ya waliojitokeza wamefunga. Mzee mmoja wa makamo, mwenye rozari mkononi, ananiambia kwamba hajatia kitu kinywani tangu jana jioni, na kwamba anataka saumu na damu viende pamoja kama sadaka moja.

“Baba, sitaweza kukutoa damu ukiwa na njaa. Utaanguka.”

“Nikianguka, mwanangu, si nitakuwa nimeangukia kanisani?”

Watu wanacheka, naye anacheka, lakini namweleza kwa heshima kwamba leo lazima achague. Baba Paroko anaitwa. Anamkumbusha kwamba siku ambazo Kanisa limeamuru kufunga ni Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na kwamba saumu ya leo aliyojiwekea mwenyewe anaweza kuibadilisha kwa tendo la huruma. Wanawake wanamletea uji na mihogo. Mzee anakula polepole, uso umekunjamana, kama mtu anayemeza dawa. Nadhani ule uji ulimgharimu kuliko damu, maana kuna watu ambao ni rahisi kwao kujinyima kuliko kuacha namna yao ya kujinyima.

Saa nne na nusu. Nimekaa katika chumba kidogo kando ya sakristia, na hapa ndipo penye kiini cha kazi, ingawa hakuna apigwaye picha hapa. Kila mchangiaji huingia peke yake. Namuuliza umri, maradhi aliyougua, dawa anazotumia, kama alichangia karibuni (mwanamume hungoja miezi mitatu, mwanamke minne), kisha maswali mazito juu ya mwenendo wake wa ndani ambayo hajawahi kuulizwa na mtu yeyote pengine isipokuwa padre kitubioni. Damu yote hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende. Hata hivyo, mtu aliyeambukizwa siku chache zilizopita anaweza kuwa na kirusi ambacho kipimo bado hakijakiona. Katika siku hizo chache, kinachomlinda mtoto wa wodini ni ukweli wa mtu aliyeketi mbele yangu.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba kila mtu atende kama alivyokusudia moyoni, “si kwa huzuni, wala si kwa lazima”. Kwa miaka mingi niliusikia mstari huo ukisomwa kabla ya sadaka, nikauona kuwa ni maneno ya kumliwaza mtoaji. Kazi hii imenionyesha kwamba unamhusu mpokeaji kwanza. Mtu aliyeletwa kwa shinikizo, au aliyeahidiwa fedha, ana sababu ya kunificha jambo. Aliyekuja kwa hiari hana cha kupoteza akisema kweli na kurudi nyumbani. Ndiyo maana damu hainunuliwi kwa mchangiaji, na ndiyo maana tunawapendelea wachangiaji wa hiari kuliko ndugu waliobanwa kitandani kwa mgonjwa.

Saa sita. Mama mmoja muuza dagaa anapanda kwenye mizani. Kilo 47. Kiwango ni 50. Namweleza, naye anaomba nipime tena, akiwa na viatu. Mwenzake, binti mwenye uzito wa kutosha, anachomwa kidole. Tone la damu yake linadondoshwa katika maji ya buluu ya salfeti ya shaba, na badala ya kuzama linaelea, maana yake wekundu wa damu haujafika gramu 12.5 kwa desilita. Wote wawili wanakataliwa ndani ya dakika kumi. Wahubiri husifu sana mkono unaotoa, lakini sijasikia wengi wakifundisha jinsi ya kukataliwa sadaka yako bila kununa. Binti namwandikia rufaa ya kwenda kituo cha afya. Yule mama wa dagaa anaondoka bila kuaga, nami nadhani amekasirika, mpaka namwona amerudi na vijana wawili wa gengeni kwake, wanene kiasi cha kutosha.

Saa nane mchana. Vitandani. Mfuko mmoja ni mililita 450, na kwa kawaida hujaa kabla ya dakika kumi kupita. Kijana wa bodaboda anauliza damu yake atapewa nani.

“Sijui. Na hata nikijua sitakuambia.”

“Akiwa mtu asiyemjua Mungu je?”

“Kundi lake la damu likilingana na lako, basi.”

Ananyamaza, kisha anasema kwamba anamjua mtu mmoja ambaye asingependa apate. Namwachia huru aondoke akitaka, na nasema kwa dhati, kwa sababu mkono ni wake. Anaendelea kukunja na kukunjua ngumi mpaka mfuko unajaa.

Saa tisa na nusu. Kiongozi mmoja wa halmashauri ya walei anataka orodha ya waliochangia, isomwe Jumapili kwa kila jumuiya, na jumuiya itakayoongoza ipewe zawadi. Nia yake ni njema, lakini ninakataa. Majina yakisomwa, wasiosomwa wataulizwa kwa nini, na majibu yao ni siri ya chumba kile kidogo. Namkumbusha Injili ya juzi ya Jumatano ya Majivu, mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume. Anakubali, ingawa naona angefurahia zaidi zile zawadi.

Saa kumi. Njia ya Msalaba inaanza kanisani, nasi tunakunja vitanda.

Saa kumi na mbili jioni. Tunakabidhi maboksi maabara. Kila mfuko una namba, hauna jina. Wenzangu wa zamu ya jioni wataanza kupima na kutenganisha, nami najaza daftari la safari na kuwapangia wanaume wa parokia ile tarehe yao ijayo.

Saa tatu usiku. Simu ya kazini inaita. Kadi tunayompa kila mchangiaji ina namba hii na maelezo kwamba, akikumbuka jambo ambalo hakulisema, atupigie bila kuogopa. Sauti ni ya mwanamume. Anasema mkewe alikuwa nyuma yake kwenye foleni, akaona aibu kutoka chumbani bila kuchangia, kwa hiyo swali moja hakulijibu sawasawa. Simuulizi ni swali gani. Naomba namba iliyo kwenye kadi yake, anaisoma mara mbili, nami nawapigia maabara. Mfuko unatengwa. Nampigia tena kumjulisha kwamba limefanyika, na kwamba Jumatatu anaweza kuja kituoni kuonana na mshauri kwa faragha. Anauliza kituo kinafunguliwa saa ngapi. Namwambia saa moja na nusu asubuhi.